Somo: Makala inayoleta mteja, kuanzia swali la WhatsApp hadi oda

Somo hili ni la mwenye bidhaa au ufundi mkononi anayetaka wanaomsoma mtandaoni wawe wateja. Mfano wetu ni muuzaji wa mashine za kutotolesha mayai. Tumemchagua kwa sababu mteja wake anaogopa kupoteza hela, ana maswali mengi, na majibu yake yana vipimo. Kama unafunga sola, unauza miche au unashona, hatua ni zilezile.

Kila makala ijibu swali moja ambalo mteja huuliza kabla hajalipa. Makala nyingi za biashara hufa kwa sababu zinajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza, yaani kampuni ilianzishwa lini na inajali wateja kiasi gani.

Hatua ya 1: Kusanya maswali kwenye simu yako

Fungua WhatsApp ya biashara. Sehemu ya kutafuta andika "bei", kisha "kwa nini", "inatumia", "inachukua", "ikikatika". Nakili sentensi kama 30 zilivyo, na makosa yake ya tahajia. Usizisafishe, maana mtu akiwa na shida huandika kwenye Google vilevile anavyokuandikia wewe.

Utaona zinagawanyika mafungu mawili. La kwanza ni la anayekaribia kununua: "ya mayai 64 inakula umeme kiasi gani?", "umeme ukikatika usiku mayai yanakufa?" La pili ni la mwenye mashine tayari, pengine hata hakuinunua kwako: "siku ya 21 imepita na wametoka tisa tu". Fungu la kwanza linauza mapema. La pili linakujengea jina, na aliyesaidiwa bure leo ndiye atakayekutafuta akitaka kuongeza mashine. Anza na la kwanza.

Hakiki kwenye Google. Tumia dirisha la faragha (incognito) ili historia ya simu yako isipotoshe matokeo. Andika maneno mawili matatu, subiri mapendekezo yashuke, kisha soma kurasa tano za juu. Ukikuta zote zinazunguka bila kutaja kipimo hata kimoja, hapo pana nafasi yako.

Hatua ya 2: Andika jibu kwanza, maelezo baadaye

Kichwa kisizidi herufi 60 hivi pamoja na nafasi, kwa sababu Google hukata kinachozidi. "Mashine ya mayai 64 inatumia umeme kiasi gani kwa siku 21?" kina herufi 58 na kimebeba swali zima.

Aya ya kwanza itoe jibu. Linganisha hizi mbili:

*"Umeme ni jambo muhimu sana katika ufugaji wa kisasa. Katika makala hii tutaangalia masuala mbalimbali yanayohusu matumizi ya umeme..."*

*"Mashine yetu ya mayai 64 ina kipasha joto cha wati 100. Joto likifika nyuzi 37.5 kinajizima, likishuka kinajiwasha, hivyo kwa wastani hufanya kazi nusu ya muda. Hiyo ni wati 50 kwa saa 24, sawa na uniti 1.2 kwa siku, au uniti 25.2 kwa siku 21. Zidisha kwa bei ya uniti unayonunulia LUKU."*

Anayesoma aya ya pili anaweza kutoa kikokotoo na kuhakiki. Akikuta hesabu imekaa sawa, ameshaanza kukuamini kabla hujamsihi. Lakini lazima hesabu hiyo uwe umeipima: chomeka mashine kwenye kipima umeme cha soketi kwa saa 24, kisha isome. Chumba chenye baridi kitakula zaidi, kwa hiyo taja ulipimia mkoa gani na msimu gani.

Baada ya jibu, eleza kinachoweza kuharibika na kwa nini. Hapa ndipo anayeijua kazi anapojitenga na mnakili. Chukua makala ya mayai yasiyoanguliwa. Mwandishi wa juu juu ataandika "zingatia joto na unyevu" kisha aage. Wewe mwambie msomaji avunje mayai yaliyobaki siku ya 22 na aangalie ndani:

- Yai jeupe kabisa lisilo na dalili yoyote: mara nyingi halikurutubishwa. Tatizo lipo kwa jogoo au uwiano wake na mitetea. Mashine haihusiki.
- Duara la damu: kiinitete kilikufa siku za mwanzo. Shuku mayai yaliyokaa zaidi ya siku saba kabla ya kuingizwa, au joto lililopanda.
- Kifaranga aliyekamilika amefia ndani, utando umekauka na kumbana: unyevu ulikuwa mdogo siku tatu za mwisho, au mfuniko ulifunguliwafunguliwa.

Kisha mpe vipimo sahihi: kwa mashine yenye feni, nyuzi 37.5 hadi 37.7; unyevu asilimia 50 hadi 55 mpaka siku ya 18, halafu 65 hadi 70 mpaka mwisho; kugeuza mayai walau mara tatu kwa siku na kuacha siku ya 18. Msomaji atarudi kwenye ukurasa huo kila anapoingiza mayai mapya.

Aya ziwe fupi, mistari mitatu hadi mitano, maana wengi wanasomea kwenye kioo cha simu. Urefu wa makala uamuliwe na swali. La umeme linaisha kwa maneno 500. La mayai kutoanguliwa linaweza kufika 1,500 bila kuchosha.

Hatua ya 3: Taja bei

"Bei njoo inbox" inafukuza watu. Mteja mwenye hela na haraka hataki kuomba bei, anahamia kwa mwingine. Andika bei, kilichomo ndani yake (kipimajoto, trei, dhamana ya miezi mingapi), kisichomo (usafiri, betri), na tarehe uliyoiandika. Bei ikibadilika, badilisha ukurasa siku hiyohiyo. Kama kazi yako haina bei moja, weka mifano miwili mitatu ya kazi halisi na gharama zake.

Hatua ya 4: Picha

Piga mwenyewe, mchana, karibu na dirisha. Picha ya simu huwa na megabaiti kadhaa. Ipunguze hadi upana wa pikseli 1,200 na uzito chini ya kilobaiti 150. Ukurasa mzito unakula bando la msomaji, naye ataufunga kabla haujafunguka. Picha ya kwanza ikate pikseli 1,200 kwa 630 ili linki ikitumwa Facebook au WhatsApp itokee vizuri. Ukitaka kuonyesha mteja au banda lake, omba ridhaa kwa maandishi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina yake ya 2019.

Hatua ya 5: Mlango wa kuingilia

Weka linki ya WhatsApp mara mbili: baada tu ya jibu, na mwishoni. Inaandikwa hivi:

wa.me/2557XXXXXXXX?text=Nimesoma%20kuhusu%20umeme%20wa%20mashine

Namba ianze na msimbo wa nchi, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri. Kosa linaloua linki nyingi ni 25507... badala ya 2557... Nafasi kati ya maneno huandikwa %20. Kila makala iwe na ujumbe wake, ili mtu akikuandikia ujue papo hapo amesoma nini. Ijaribu linki kwa simu ya mtu mwingine kabla ya kuchapisha.

Hatua ya 6: Isambaze

Siku ya kuchapisha, fungua Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, weka anwani ya ukurasa na uiombe Google iupitie. Huduma hiyo ni bure.

Stetasi ya WhatsApp hudumu saa 24. Igawe makala vipande vinne: swali, jibu, kosa moja la kuepuka, kisha linki. Ukituma linki peke yake wengi wataipita. Orodha ya matangazo ya WhatsApp (broadcast) hubeba hadi watu 256, lakini ujumbe unamfikia tu aliyehifadhi namba yako, kwa hiyo kila mteja mpya mwombe aihifadhi.

Kwenye makundi ya wafugaji, ya Facebook au Telegram, weka jibu kamili hapohapo. Linki itoe pale tu kanuni za kundi zinaporuhusu au mtu anapoomba. Anayemwaga linki kila kundi hufukuzwa, na namba yake inaripotiwa. Instagram linki ya kwenye maelezo ya picha haibofyeki. Iweke kwenye wasifu. Baada ya mwezi rudia makala ileile kwa pembe nyingine, kwani wengi hawakuiona.

Hatua ya 7: Soma takwimu

Kwenye Search Console angalia maneno yaliyoutokeza ukurasa wako. Mionekano mingi (mara ukurasa ulivyotokea kwenye matokeo) na mibofyo michache: kichwa hakivuti, kibadilishe. Nafasi ya 8 hadi 20: Google inaona unahusika ila kuna kitu kinakosekana, fungua kurasa zilizokutangulia uone wanajibu nini usichojibu. Ukikuta neno ambalo hukuliandikia, hiyo ndiyo makala yako ijayo. Upe ukurasa wiki kadhaa kabla ya kuhukumu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Singida: Shikamoo mwalimu. Sina tovuti, nina Instagram na WhatsApp tu. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba. Fungua Wasifu wa Biashara wa Google, ni bure, ujaze eneo, saa za kazi na picha. Makala zako weka Blogger, huduma ya Google ya kuandikia blogu, nayo haina malipo. Kazi ikishika, nunua jina lako la .co.tz kwa msajili anayetambulika na ulielekeze hukohuko. Usijenge kila kitu ndani ya akaunti moja ya mtandao wa kijamii. Ikifungwa, maandishi yote yanaondoka nayo.

Mwanachama, Arusha: Mimi ni fundi cherehani. Sioni vipimo vya kuandika kwenye kazi yangu.

Jibu: Dada, vipo tele. Gauni refu la mwili mnene linataka yadi ngapi za kitenge? Bitana inaongeza shilingi ngapi? Mteja wa mkoani ajipimeje kifua, kiuno na nyonga bila fundi? Hilo la mwisho liandike kwanza na liwe na picha sita za futi kamba ilivyokaa mwilini. Anayemaliza kujipima ameshakuwa na vipimo vya kukutumia.

Mwanachama, Dar es Salaam: Makala yangu inasomwa sana ila hakuna anayepiga simu. Shida nini?

Jibu: Kaka, inahusu nini?

Mwanachama, Dar es Salaam: Faida za mayai ya kienyeji mwilini.

Jibu: Hapo ndipo ilipo. Anayesoma hiyo ni mla mayai au mwanafunzi mwenye kazi ya shule, wewe unauza mashine. Iache, ila chini yake weka linki ya makala ya gharama za kuanza kutotolesha. Na angalia kama umetaja unafikisha mikoa gani. Mtu wa Kigoma asipoona Kigoma anadhani hahusiki.

Mchangiaji mwingine: Ongeza na kasi ya kujibu. Weka majibu ya haraka kwenye WhatsApp ya biashara kwa maswali matano yanayojirudia. Aliyeandika asubuhi akijibiwa jioni mara nyingi ameshanunua kwingine.

Mwanachama, Nakuru: Wateja wangu nusu wanatafuta kwa Kiingereza, nusu Kiswahili. Nichanganye?

Jibu: Tengeneza kurasa mbili, kila lugha na wake, kila mmoja uwe na linki ya kwenda kwa mwenzake. Ukurasa uliochanganywa nusu kwa nusu haumshibishi yeyote. Ila jina la kifaa ambalo watu hulitaja kwa Kiingereza hata wakiongea Kiswahili liache lilivyo, ndilo wanaloandika.

Mwanachama, Mwanza: Akili mnemba inaruhusiwa kuniandikia?

Jibu: Februari 2023 Google ilieleza kuwa inapima ubora wa maandishi bila kujali yameandikwaje, kisha Machi 2024 ikaweka sera dhidi ya kurasa zinazozalishwa kwa wingi ili kupandisha nafasi tu. Itumie kupanga hoja zako na kukagua tahajia. Vipimo usiichukulie bila kuhakiki. Joto likikosewa kwa nyuzi mbili, mayai ya mteja yanakufa na jina linaloharibika ni lako. Halafu isome kwa sauti: sentensi usiyoweza kumwambia mteja dukani, ifute uiandike upya.

Mwanachama, Morogoro: Kuna mtu amenakili makala yangu yote na picha.

Jibu: Hifadhi picha halisi za kwenye simu, zina tarehe. Mwandikie kwanza. Akikaidi, Google ina fomu ya kuomba ukurasa unaokiuka hakimiliki uondolewe kwenye matokeo. Utaweka anwani ya wako na anwani ya wake. Kuanzia sasa andika jina la duka juu ya kila picha, katikati, mahali ambapo hapakatiki kirahisi.