Simu ya bodi ya aluminiamu na chaji ya wayalesi: jinsi ya kufanya ichaji kweli, sio kuchemka tu

Juzi dada mmoja wakala wa miamala hapa Kariakoo kaniletea Nokia 6.1, sistimu chaji (tundu la kuchajia) imekufa kwa mara ya pili maana kutwa nzima anachomeka na kuchomoa waya. Nikambadilishia, nikamwambia dada yangu safari hii tunakuwekea risiva ya wayalesi, yaani kikaratasi chenye koili (waya uliozungushwa) kinachobandikwa mgongoni, pini yake ikishachomekwa kwenye tundu la chaji haitoki tena. Tatizo bodi ya hiyo simu ni aluminiamu, na aluminiamu na wayalesi haviivi chungu kimoja. Ndo maana Apple walipoleta wayalesi kwenye iPhone 8 mwaka 2017 waliachana na mgongo wa aluminiamu wakaweka kioo.

Iko hivi, padi ya Qi (kibao cha kuchajia bila waya, Qi ni jina la mfumo wake) inatoa sumaku inayogeuka zaidi ya mara laki moja kwa sekunde, sasa hiyo sumaku ikikuta bati umeme unaanza kuzunguka ndani ya bati lenyewe, bati linapata moto na koili yako inaambulia makombo. Na huo moto unaenda moja kwa moja kwenye betri.

Hatua ya 1: Vifaa
Risiva ya Qi yenye pini ya simu yako, karatasi ya feraiti (ile nyeusi inayovutwa na sumaku), kava laini ya silikoni, mita ya USB ya kupima umeme unaoingia kwenye padi, na app ya Ampere kwenye simu, inayosoma umeme unaoingia kwenye betri kwa mA (miliampea). Kama simu ni ya tundu la maikro USB angalia pini imeelekea wapi kabla hujalipia, zipo za juu na za chini. Mita usiseme utaruka, fundi anayepima chaji kwa kuangalia asilimia anapiga ramli.

Hatua ya 2: Safisha mgongo
Spiriti. Na ile ringi ya chuma ya kushikia simu ibandue, pamoja na kibati cha sumaku cha kwenye gari.

Hatua ya 3: Feraiti (hapa usikimbie)
Risiva nyingi za bei poa zina feraiti nyembamba sana, kwenye simu ya plastiki inatosha, kwenye bati haitoshi. Kazi ya feraiti ni kuikusanya sumaku ipite kwenye koili kabla haijalifikia bati, kwa hiyo inakaa KATI ya koili na bodi ya simu, sio upande wa padi. Mimi mara ya kwanza niliweka kinyume. Niliangaika kuanzia saa nane mchana mpaka adhana ya magharibi, taa ya padi inapepesa tu, nikabadilisha adapta tatu, nikamtukana aliyeniuzia padi, kumbe risiva nimeibandika kifudifudi, feraiti imeangalia padi na koili imelalia bati. Maandishi ya kwenye stika usiyaamini sana, kabla ya kuondoa gundi shikiza kwa tepu ya karatasi, jaribu upande huu na huu, soma Ampere, ndo ubandike.

Feraiti ya ziada natoa kwenye mikweche ya simu za kioo, nyuma ya koili yake kuna karatasi nyeusi. Isogeze kwenye sumaku, ikivutwa ndo yenyewe, isipovutwa hiyo ni plastiki tu. Ikate izidi koili milimita 2 au 3 kila upande, na usiikunje maana inapasuka. Na mtu asikudanganye uweke foili ya kufungia chipsi, hiyo ni aluminiamu nyingine, unaongeza ugonjwa juu ya ugonjwa.

Kwa simu ya dada, bila feraiti ya ziada Ampere ilisoma kama 300 hivi mA na mgongo ukawa haushikiki. Nilipoongeza karatasi moja ikapanda mpaka 650, wakati mita ya upande wa padi haijapanda kabisa. Umeme ni uleule, ila sasa unaingia kwenye betri.

Hatua ya 4: Tafuta kati
Simu iwe juu ya padi, sogeza kidogokidogo huku unasoma Ampere. Ukihama nusu sentimita tu namba inaporomoka. Ukipata pazuri chora alama kwa maka pen kwenye padi. Wengine wanapenda padi za kusimamisha simu, mimi sizipendi kwa hizi risiva za kubandika, koili huwa inakaa juu au chini ya ile ya padi.

Hatua ya 5: Kava
Nyembamba, isizidi milimita 2. Zile kava ngumu za kuzuia kuvunjika hapana.

Hatua ya 6: Adapta
Volti 5 ampea 2, sio tundu la laptopu.

Ukimaliza iache nusu saa halafu gusa mgongo. Uvuguvugu sawa, ila ukishindwa kuweka kiganja toa, rudi hatua ya 3.

Dada kesho yake kanipigia, fundi mbona taa inapepesa tena? Nikaenda hadi kibandani kwake, nikanyanyua simu, chini yake nikakuta sarafu ya mia mbili.