Jinsi ya kukagua yoti ya matanga kabla ya kuinunua

Muuzaji atataka uanzie ndani, kwenye makochi na jiko. Mwache asubiri. Omba chombo kipandishwe nchi kavu, vaa nguo za kazi, uanzie chini.

1. Mkuku, yaani uti mzito ulio chini ya chombo. Yoti nyingi za sasa zina mkuku mfupi lakini wenye kina, uliofungwa kwa bolti chini ya ganda. Mara nyingi huchukua kama theluthi ya uzito wa chombo, na ndio unaokiinua kinapolala upande. Tazama unapoungana na ganda. Ufa upande wa mbele unaweza kumaanisha kiligonga mwamba, lakini usiishie hapo. Mkuku ukigonga, sehemu yake ya chini husukumwa nyuma, na kisigino chake, yaani ncha ya nyuma inayogusa ganda, hupanda na kuligandamiza. Kwa hiyo ingia ndani, funua mbao za sakafu, umulike nyuma ya bolti ya mwisho. Nyufa kwenye mataruma (mbavu za ganda), michirizi ya kutu, au rangi mpya iliyopakwa mahali pamoja tu (hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi): usizungumze bei mpaka mkaguzi aone. Ukikuta maji ngamani, yaani chini kabisa ndani ya chombo, chovya kidole uonje. Yakiwa ya chumvi, bahari inaingia. Yakiwa matamu, ni tangi au mvua.

2. Usukani, yaani ubao wa nyuma ulio majini unaogeuza chombo. Ushike kwa mikono miwili uutikise. Ukicheza, beringi zimelika. Vyombo vyenye shetri (sehemu ya nyuma) pana huwekewa sukani mbili, maana kikilala, usukani mmoja wa katikati hutoka majini kwa sehemu na kupoteza nguvu.

3. Sitaha. Kwa kawaida ni tabaka mbili za fiberglasi zenye povu gumu au mti mwepesi katikati. Gonga kwa mpini wa bisibisi, hasa kuzunguka skrubu. Mlio mkavu ni mzuri. Ukififia ghafla, huenda maji yamepenya.

4. Mlingoti na matanga. Uliza umri wa nyaya zinazoshikilia mlingoti. Kampuni nyingi za bima hutaka zibadilishwe kati ya miaka 10 na 15. Tanga kuu linalojiviringisha ndani ya mlingoti ni raha kwa mabaharia wawili, ila kitambaa kikichakaa hunasa, tena upepo ukiwa mkali. Mimi huchagua lile la kupandishwa kwa henza, kamba ya kuinulia tanga. Kama ni la kujiviringisha, litoe na kulirudisha mara kadhaa.

5. Umeme. Betri za lithiamu unaweza kuzitumia hadi asilimia 80 hivi ya uwezo wake. Za madini ya risasi, nusu tu kama hutaki zife mapema.

6. Vyumba. Sasa ingia. Sebule pana hupendeza bandarini, lakini chombo kikiyumba utashika nini? Hesabu vishikio kuanzia ngazini hadi chooni. Kisha fungua na ufunge kila vali inayotoboa ganda, kwa mkono wako mwenyewe. Iliyokwama iandike, na gharama yake ikatwe kwenye bei.