Namna ya Kulitembelea Hekalu la Preah Khan kwa Utulivu

Kati ya mahekalu mengi ya Angkor, mji mkuu wa kale nchini Kambodia, Preah Khan ndilo ningemshauri mtu alitengee asubuhi nzima. Mfalme Jayavarman VII, aliyeshika ufalme mwaka 1181, aliliweka wakfu mwaka 1191 kwa heshima ya baba yake, na eneo lililozungushiwa ukuta wa nje linafikia hekta 56. Ndani yake hapakuwa na mahali pa ibada pekee: palikuwa na mji, watawa na walimu, na jiwe la maandishi lililogunduliwa humo mwaka 1939 linaeleza kwamba watu karibu laki moja walitumikia hekalu hili kwa mpunga na kazi zao. Leo wote hao wamenyamaza, na anayetaka kuusikia ukimya huo sharti ajipange.

Tikiti ya Angkor hununuliwa katika kituo rasmi kilichoko mji wa Siem Reap, ambako mgeni hupigwa picha papo hapo. Ya siku moja ni dola 37 za Marekani na ya siku tatu ni dola 62. Chukua ya siku tatu ukiweza, kwa sababu hekalu kubwa la Angkor Wat peke yake litakumalizia siku. Vaa nguo inayofunika mabega na magoti. Miezi ya Novemba hadi Februari haina joto kali wala mvua nyingi, ingawa mvua nazo zina fadhila yake: kuvumwani hurudi kuwa kijani kibichi juu ya mawe, nayo huteleza sana, kwa hiyo vaa viatu vyenye soli inayoshika.

Kabla hamjaondoka, elewana na dereva wa tuktuk akushushe lango la mashariki, kisha akusubiri lango la magharibi. Usiliache jambo hili mikononi mwake, kwani mara nyingi wageni hushushwa magharibi na kulipitia hekalu kinyumenyume. Mashariki ndiko upande wa heshima, uliotengewa Ubuddha. Magharibi palikuwa pa mungu wa Kihindu Vishnu, kaskazini pa mwenzake Shiva, na kusini pa wafalme waliotangulia. Fika saa moja na nusu asubuhi hekalu linapofunguliwa, wakati makundi makubwa yangali Angkor Wat.

Tembea polepole kati ya safu mbili za nguzo fupi za mawe, hadi kwenye daraja la handaki ambako miungu upande mmoja na majitu upande wa pili wamelishika joka refu. Wengi wao hawana vichwa, kwa kuwa vimeibwa. Mbele, kwenye ukuta wa ndani, utauona mti mkubwa ambao Wakhmer, watu wa Kambodia, huuita spung, mizizi yake imemwagika juu ya mawe kama nta iliyoyeyuka.

Ukiingia Ukumbi wa Wachezaji, simama. Juu ya milango wamechongwa wasichana wa mbinguni wakicheza, goti moja limekunjwa, vidole vimepinda nyuma. Inua macho kidogo, uzitazame safu za vijishubaka vilivyo juu yao. Baada ya kifo cha mfalme, sanamu za Buddha zilizokuwamo ziliondolewa kwa patasi, na ukitazama kwa karibu alama za patasi zinaonekana bado, fupi na za haraka, zikiwa zimefuata umbo la mwili uliokuwa umeketi. Kwangu mimi, hapo ndipo hekalu hili linapogusa moyo kuliko kwenye miti yake yote. Usiyaguse mawe hayo kwa mkono, kwa maana ni mawe ya mchanga na hubanduka.

Endelea hadi katikati. Njia ni nyembamba kwa sababu Wakhmer hawakujenga tao la kweli. Walipandanisha mawe, kila moja likichomoza kidogo kupita la chini yake, mpaka pande mbili zikakutana. Matundu yanayojaa kutani yalishikilia mapambo yaliyozifunika zamani. Kwenye chumba cha kati pana stupa ndogo, yaani mnara wa ibada wa Kibuddha, iliyojengwa karne ya 16. Kaa karibu nayo kwa robo saa bila kupiga picha, ukitazama milango iliyopangana mmoja ndani ya mwingine mpaka ule wa mwisho unaonekana kama kipande cha mwanga.

Kaskazini mwa Ukumbi wa Wachezaji, usilikose jengo la ghorofa lenye nguzo za mviringo, umbo ambalo ni nadra mno katika ujenzi wa Angkor. Kisha pita tena katikati, utoke magharibi, na kabla ya kupanda tuktuk ufuate ukuta wa nje hatua chache. Hapo amesimama Garuda, ndege-mtu wa hadithi za Kihindu, mmoja kati ya 72 wanaouzunguka ukuta, mikono juu, mikia ya nyoka imebanwa viganjani.