Mafunzo ya mafundi wa jengo yaanze usiku

Ukitaka kuwafundisha mafundi wa jengo la ofisi kubana matumizi ya umeme, usianze na slaidi. Wapeleke kwenye mita saa nne usiku, watu wakiwa wameshaondoka. Wasome namba, kisha warudi kuisoma baada ya saa moja. Tofauti hiyo ndiyo umeme unaoliwa na jengo tupu.

Halafu zungukeni mkiutafuta: feni inayopuliza ukumbi usio na mtu, taa za ngazi, pampu ambayo mtu aliihamishia kwenye uendeshaji wa mkono siku ya hitilafu na hakuirudisha kwenye otomatiki. Swichi ya pampu hiyo ndiyo huwa inanitia wasiwasi zaidi, maana hakuna anayeikumbuka. Aliyeigeuza pengine alikuwa na sababu nzuri, kwa hiyo msimgombeze. Bandikeni karatasi hapo hapo yenye tarehe na sababu.

Nadharia moja inatosha kwa kuanzia: mwendo wa feni ukipunguzwa kwa asilimia 20, umeme inaotumia hushuka hadi karibu nusu (umeme hufuata kipeo cha tatu cha mwendo: 0.8 × 0.8 × 0.8 = 0.51). Waonyeshe kwenye kidhibiti mwendo cha feni yenyewe, wasome kilowati kabla na baada. Ila msishuke chini ya hewa safi inayohitajika na waliomo ndani.

Na wasafishaji waje pia. Wao ndio wanaojua chumba kipi huwa baridi kama friji saa kumi na moja alfajiri.