SOMO: Hakikisho la kufuli ndani ya kerneli ya Linux, bila kuiangusha mashine

Swali la jinsi ya kuweka hakikisho (assertion, mstari wa kodi ya programu unaokagua kwamba kufuli limeshikwa kweli) ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo, nimelijibu mara nyingi mno. Leo naliandika lote, atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Hatua ya 1. Jua unachogusa kinalindwa na kufuli lipi. Makufuli ya faili (yale ambayo programu huyaomba kwa flock na fcntl) hukaa kwenye orodha ndani ya muundo wa data uitwao file_lock_context, na orodha hizo zinalindwa na spinlock (kufuli ambalo anayelisubiri huzunguka mpaka lifunguliwe) iitwayo flc_lock. La kwanza ni la programu, la pili ni la kerneli yenyewe. Usiyachanganye.

Hatua ya 2. Washa CONFIG_PROVE_LOCKING (chaguo la kujenga kerneli linalowasha lockdep, mkaguzi wa makufuli), kompaili upya.

Hatua ya 3. Andika hakikisho. Hapa ndipo nilipoanguka mimi. Nilikuwa na fankisheni ya kutoa kufuli kwenye orodha, nikaweka BUG_ON(!spin_is_locked(&ctx->flc_lock)), yaani simamisha kazi papo hapo kama kufuli halijashikwa. Kwangu ikapita vizuri kabisa. Mwenzangu akaijenga bila SMP (uwezo wa kutumia vichakataji vingi), kwa kifaa chenye kichakataji kimoja, ikalala palepale. Kwenye kerneli ya namna hiyo, bila vikaguzi vya makosa, spinlock haina kitu ndani, kwa hiyo spin_is_locked hujibu 0 siku zote.

Na hata pale ilipopita ilikuwa inanidanganya. Inauliza "kuna yeyote aliyeshika?", wala haiulizi "ni mimi niliyeshika?" Kichakataji cha jirani kikiwa kimeshika, hakikisho linapita huku wewe unaikoroga orodha mikono mitupu. Andika hivi:

lockdep_assert_held(&ctx->flc_lock);

ONYO: BUG_ON ikilipuka ukiwa umeshika spinlock, uzi (thread) wako unakufa na kufuli halifunguliwi. Anayefuata anazunguka hapo milele, na ujumbe wa kosa huenda usifike kwenye diski. Kwa hali nyingine zisizotarajiwa tumia WARN_ON_ONCE (hutoa onyo mara moja tu bila kuua kitu), kisha rudisha kosa.

Hatua ya 4. Endesha majaribio, soma dmesg (ujumbe wa kerneli).

MASWALI

— Mkuu nimeweka kama ulivyosema, haioneshi kitu. Nisaidie haraka.
Hatua ya 2 umeifanya?
— Hapana.
Basi hakikisho lako halifanyi kazi yoyote. Rudi ukaifanye.

— Mimi napinga. Orodha ikishaharibika, bora kerneli ife kuliko kuandika takataka kwenye diski za watu.
Hoja yako ina uzito, siibezi. Ila uamuzi huo ni wa mwenye mashine. Anayetaka ife anawasha panic_on_warn (mpangilio unaoiangusha kerneli kila onyo likitokea), na WARN yako inamtosha. Ukiandika BUG_ON umewaamulia wote.

— Lockdep ilinipa onyo la kufuli lisilohusiana kabisa na langu. Tangu hapo hakikisho langu liko kimya. Ina maana niko salama?
Swali zuri sana, na wengi hawalioni hili. Hapana. Lockdep ikishatoa ripoti ya kwanza hujizima mpaka uwashe mashine upya. Rekebisha lile onyo kwanza, hata kama kodi ya programu iliyolitoa si yako, ndipo uamini ukimya wa lako.

— Nje ya mada kidogo: programu yangu inapoteza kufuli la fcntl wakati sijaliachia. Kuna maktaba inafungua faili lilelile na kulifunga.
Ndiyo sababu yenyewe. Kufuli la POSIX (ndilo hilo la fcntl) ni la mchakato mzima: ukifunga deskripta (namba ya faili lililofunguliwa) yoyote ya faili hilo, makufuli yako yote juu yake yanaondoka. Tumia F_OFD_SETLK (amri ya fcntl ambayo kufuli lake si la mchakato mzima), ipo tangu Linux 3.15 ya mwaka 2014. Na sehemu ya l_pid katika ombi lako la kufuli iwe 0, la sivyo utarudishiwa kosa la EINVAL.