Tovuti ya Karakana ya Samani: Kuipanga na Kuitangaza

Kabla ya kumlipa mtu yeyote akutengenezee tovuti, andika kwenye karatasi maswali ambayo wateja wa karakana yako ya samani pale Keko, Dar es Salaam, hukuuliza kila siku kwa simu: kitanda cha mninga cha futi sita kwa sita ni bei gani, kinachukua siku ngapi, na usafiri hadi Mbagala ni juu ya nani. Majibu ya maswali hayo, pamoja na bei, ndiyo yawe ukurasa wa kwanza. Historia ya kampuni inaweza kusubiri.

Jina la tovuti linaloishia na .co.tz husajiliwa kupitia wasajili walioidhinishwa wa majina ya .tz, na hakikisha limesajiliwa kwa jina na barua pepe yako mwenyewe. Mimi niliwahi kumwachia fundi wa tovuti shughuli hiyo, naye alipobadilisha namba ya simu, jina likaisha muda wake bila mimi kujua.

Picha zipige mchana, mlangoni pa karakana, kisha uzipunguze hadi chini ya kilobaiti 200, maana mteja anayefungua kwa bando la simu hatasubiri. Weka pia kitufe cha WhatsApp chenye namba inayoanza na 255.

Katika kuitangaza, anza na Google Maps: sajili karakana bila malipo, andika saa za kazi, na uwaombe wateja waliokwisha kupokea samani zao waandike maoni. Anwani ya tovuti ichapishwe kwenye risiti na ubavuni mwa kirikuu kinachopeleka mizigo.