Kupiga kura Marekani: anza na kaunti yako

Mimi wa Mombasa, nimezoea tume moja ya uchaguzi. IEBC, tume ya Kenya, ndiyo inayokuandikisha, inayoleta masanduku na kutangaza matokeo. Nilipoapa uraia huku Marekani nikaanza kutafuta namba ya simu ya "tume" yao. Ipo moja ndogo ya shirikisho, lakini haimwandikishi mtu wala haihesabu kura. Kazi hiyo ni ya jimbo, na majimbo mengi nayo yameisukuma kwa kaunti.

Kwa hiyo usiulize watu wa Marekani wanapigaje kura. Uliza wa kaunti yako. Na shemeji yako aliye Ohio usimsikilize sana; anakueleza ya kwao.

Haya yalinikuta mwenyewe. Nikiwa Minneapolis, jimbo la Minnesota, sikuwa nimejiandikisha. Nilikwenda kituoni siku yenyewe ya uchaguzi, jirani aliyeandikishwa akala kiapo kwamba naishi pale, nikapewa karatasi. Nikahamia Texas na lori langu nikidhani ni hivyo hivyo. Mwisho wa Oktoba naingia ofisini, karani ananiambia mlango umeshafungwa: Texas ni siku 30 kabla. "Lakini mimi ni raia!" Raia ndiyo, mpiga kura wa hapa sivyo. Mwaka ule nikatazama kwenye televisheni.

Basi ukihama jimbo, jiandikishe upya wiki ile ile unayobadilisha leseni ya udereva. Sheria ya shirikisho ya 1993 inazitaka ofisi za leseni, katika majimbo mengi, zikuulize kama unataka kuandikishwa. Hapo tahadhari: kama una green card tu (kibali cha ukaazi wa kudumu, si uraia), jibu HAPANA, hata karani akikusogezea fomu kwa wema. Asiye raia akijiandikisha anaweza kufukuzwa nchini. Ukikosa kuandikishwa kwenye leseni, Texas kuna fomu ya karatasi. Itie saini, uipeleke kwa mwandikishaji wa kaunti. Usishangae ukielekezwa ofisi ya kodi, kaunti nyingi ndiyo inayoandikisha.

Sheria ya kitambulisho nayo ni ya jimbo. Minnesota, ukishaandikishwa, unataja jina na anwani, unatia saini, basi. Texas wanataka picha: leseni, pasipoti ya Marekani, hata leseni ya kubeba bastola wanaikubali. Kitambulisho cha mwanafunzi wa chuo hawakitaki. Mimi sina la kuongeza hapo.

Serikali ya shirikisho yenyewe imeweka nini, basi? Katiba inayaachia mabunge ya majimbo kupanga uchaguzi wa wabunge wa shirikisho, ila Kongresi inaweza kuubadilisha mpango huo. Ndiyo maana siku ni moja nchi nzima, Jumanne inayofuata Jumatatu ya kwanza ya Novemba, lakini saa za vituo si moja: Texas wanafunga saa 1 jioni, Minnesota saa 2. Na ndiyo maana, jina lako lisipoonekana daftarini huku Texas, usiondoke. Omba kura ya muda. Sheria ya 2002 inakupa haki hiyo. Karatasi yako inawekwa kwenye bahasha pembeni mpaka wakague kama unastahili.

Kwa wenye wazazi: mama yangu hasomi Kiingereza. Sheria ya shirikisho inamruhusu mtu asiyeweza kusoma karatasi ya kura aingie na msaidizi amtakaye, isipokuwa mwajiri wake au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Texas imeongeza lake: msaidizi anakula kiapo na kujaza fomu. Nikaapa, nikamsomea, akaniambia niweke alama wapi.

Simu iache garini, hairuhusiwi karibu na vibanda. Mama majina ya wagombea wake alikuwa nayo kwenye kipande cha bahasha, amekikunja ndani ya leso, na mawili kati ya hayo hayakuwa ya watu ninaowataka mimi.